Ndugu Yako Yuko Gerezani: Usiiache Kura Yake Ipotee

Mtu akifungwa, nyumbani kuna mambo yanayoshughulikiwa mara moja: wakili, dhamana, karo ya watoto, sabuni na mafuta ya kupeleka siku ya kumtembelea. Kura haimo katika orodha hiyo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba aliye jela hana kura, na hata aliyewahi kufungwa akatoka hana. Kwa Kenya, imani hiyo haina msingi wowote wa kisheria tangu 2010, lakini kila uchaguzi ukija inawanyamazisha watu ambao Katiba haikuwanyima kitu.

Katika uchaguzi wa 9 Agosti 2022, wapiga kura waliosajiliwa katika magereza yote ya Kenya walikuwa 7,483. Magereza hayo huwa na watu zaidi ya 50,000. Tuseme baadhi yao si raia, na wengine tayari walikuwa wamejisajili makwao kabla ya kukamatwa. Bado pengo ni kubwa mno. Kwa maoni yangu, tatizo haliko tena katika sheria. Liko kwenye kitambulisho ambacho hakuna anayejua kimebaki wapi, na kwa jamaa ambao hawakuuliza mapema. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliye nje. Aliye ndani hawezi kutoka kukitafuta kitambulisho chake, nawe waweza.

Tuanze na haki yenyewe, maana mara nyingi utaambiwa haipo, tena na mtu aliyevaa sare. Kifungu cha 83 cha Katiba ya Kenya kinaeleza nani anaweza kusajiliwa kuwa mpiga kura: awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa hana akili timamu, na asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Basi. Hapatajwi wizi, dawa za kulevya, mauaji wala urefu wa kifungo. Aliyefungwa mwezi mmoja na aliyefungwa maisha wako sawa mbele ya kifungu hicho, na mahabusu ambaye kesi yake haijaamuliwa ndiye wa kwanza kabisa kutoguswa. Kifungu cha 51 kinaongeza kwamba mtu aliye kizuizini anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo haiwezekani kabisa kutekelezwa akiwa amefungwa. Kupiga kura kunawezekana. Kumeshafanyika.

Haki hiyo haikuja kama zawadi. Katiba ya zamani iliwafungia wafungwa nje, na ilipokaribia kura ya maamuzi ya 2010, wakili Priscilla Nyokabi Kanyua alikwenda katika mahakama maalumu ya muda iliyoundwa kusikiliza mizozo ya Katiba, akaomba wafungwa waruhusiwe kuamua juu ya Katiba mpya ambayo wao pia wangeishi chini yake. Juni 2010 mahakama ilikubali. Tarehe 4 Agosti mwaka huo, wafungwa walipanga foleni na kupiga kura. Kisha uchaguzi wa Machi 2013 ukapita bila wao, na ilibidi wangoje hadi 2017 ndipo wakamchagua rais kwa mara ya kwanza. Nayasema haya ili ukikutana na afisa anayekuambia "hiyo kitu haiko", ujue ipo, na kwamba imeshatumika zaidi ya mara moja.

Sasa kitambulisho. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo kura nyingi zinapopotelea. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, humsajili mtu kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti halali. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki. Na siku ya kupiga kura mtu huonyesha hati ile ile aliyosajiliwa nayo. Kwa hiyo aliye gerezani anahitaji kitambulisho chake mara mbili: siku ya usajili na siku ya kura, na miezi mingi inaweza kupita katikati.

Fuata njia kilikopita. Mtu akikamatwa, vitu vyake huandikwa na kuwekwa kituo cha polisi. Akifikishwa gerezani au rumande, huandikwa upya pale mapokezi. Katikati ya hapo kuna gari, kuna seli za mahakama, na kuna mkono wa jamaa aliyekabidhiwa simu na pochi kwa haraka siku ya kesi. Kwa hiyo anza nyumbani: pekueni pochi, makabati, mkoba wa shangazi aliyekwenda mahakamani siku ile. Kisha uliza gerezani kama kitambulisho kimo katika orodha ya mali yake. Kama hakimo, rudi kituo cha polisi alikoshikiliwa kwanza, ukiwa na jina lake kamili na tarehe ya kukamatwa, uombe waangalie kumbukumbu zao. Wakati mwingine kitambulisho kimechukuliwa kama kielelezo cha kesi. Hapo mwambie wakili aiombe mahakama kikabidhiwe kwa mwenyewe na nakala ibaki kwenye jalada. Kama hana wakili, mahabusu mwenyewe anaweza kulisema hilo mbele ya hakimu siku kesi inapotajwa. Ni ombi dogo na halihitaji Kiingereza.

Kikipotea kabisa, kinahitaji kutengenezwa upya, na hilo ndilo linalokula muda. Zungumza na afisa wa ustawi wa gereza. Yeye ndiye mtu wako mkuu katika jambo hili lote, kwa hiyo mjue kwa jina na umheshimu. Muulize kama gereza limepanga maafisa wa usajili wa watu wafike ndani, na umweleze kwamba unataka jina la ndugu yako liwe katika orodha. Mpelekee nakala ya kitambulisho cha zamani ikiwa mnayo, au angalau namba yake. Namba hiyo huwa imeandikwa mahali pengi kuliko watu wanavyofikiri: kwenye mkataba wa nyumba, fomu za shule za watoto, karatasi za hospitali, stakabadhi za benki.

Vijana wana shida yao ya peke yao. Kijana aliyekamatwa akiwa na miaka kumi na saba akatimiza kumi na minane akiwa ndani hajawahi kuwa na kitambulisho hata siku moja. Huyo hana cha kutafutiwa. Anahitaji kuombewa cha kwanza. Wazazi ndio wenye kazi hapo: cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vyao, na mara nyingi neno la chifu wa kwao. Mzazi asipoleta hivyo, hakuna mtu mwingine atakayevileta.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii hadi limewakwamisha: majina. Mtu akikamatwa usiku kwa woga, hutaja jina la utani, au la baba bila la kwake, au hubadilisha herufi akidhani atajinusuru. Jina hilo ndilo linaloingia kwenye hati ya mashtaka na hatimaye kwenye rejista ya gereza. Kisha maafisa wa uchaguzi wanapofika na orodha ya gereza, kitambulisho kinasema Juma Hamisi na gereza linasema Hamisi Karisa. Ulizeni mapema gereza linamjua kwa jina gani. Kama yanatofautiana, marekebisho yaombwe kupitia ofisi ya gereza au mahakamani, wala yasingojee siku ya usajili.

Na kitambulisho kikishapatikana, kibaki gerezani kwenye hifadhi ya mali zake hadi uchaguzi upite. Najua jamaa wanaweza kukihitaji kwa laini ya simu au shughuli ya benki. Kikitolewa, kirudishwe, na kuwe na mtu mmoja katika familia ambaye amekabidhiwa jukumu hilo kwa jina.

Baada ya kitambulisho, jiulize swali moja: ndugu yako alikuwa amejisajili kabla ya kukamatwa? Kama hakuwa, anasajiliwa upya gerezani maafisa wa IEBC wanapofika. Kama alikuwa ameshajisajili, tuseme Likoni, na sasa yuko gereza la Shimo la Tewa, hasajiliwi tena. Anahamisha usajili wake kutoka kituo cha zamani kwenda kituo cha gereza. Tofauti hii si ya makaratasi tu. Kujisajili mara mbili ni kosa la uchaguzi, na hatia ya kosa la uchaguzi ndiyo pekee kati ya makosa yote inayomwondolea mtu kura kwa miaka mitano. Ingekuwa uchungu mkubwa mtu aliyefungwa kwa kosa lisilogusa kura yake aje aipoteze kwa kujaribu kuipata. Kama hakumbuki kama alijisajili, IEBC inaweza kuangalia kwa namba ya kitambulisho.

Tarehe zina uzito wake. Katiba inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Sheria ya Uchaguzi inataka anayehamisha usajili aombe si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, yaani kufikia takriban tarehe 12 Mei, na usajili mpya husimama siku 60 kabla. Lakini hiyo ni mipaka ya mwisho kabisa, na mtu aliye ndani hana anasa ya kuisogelea. Mtu wa nje hupita ofisi ya IEBC ya eneo bunge siku yoyote anayopata nafasi. Wa gerezani hungoja maafisa waletwe kwake, nao hukaa siku chache wakaondoka. Akiwa mahakamani siku hizo, au mgonjwa, au kitambulisho bado kiko kwa shangazi, ndiyo basi. Kwa hiyo nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge ambako gereza liko, si ya kwenu, ukaulize ni lini wanatarajia kuingia gereza hilo. Uliza tena baada ya wiki chache. Hakuna ubaya wowote katika kuulizia, na ofisi inayoulizwa na watu wengi hujipanga mapema zaidi.

Uhamisho wa gereza nao ni hatari ya kweli. Mtu anasajiliwa Shimo la Tewa mwezi wa Machi, mwezi wa Juni anapakiwa kwenye lori kwenda Manyani. Jina lake limebaki Shimo la Tewa. Akihamishwa kabla ya zile siku 90, aombe usajili wake umfuate. Uhamisho ukitajwa baada ya hapo, aandike barua kwa mkuu wa gereza aeleze kwamba amesajiliwa pale na aombe abaki hadi kura ipigwe. Mkuu wa gereza halazimiki kukubali, kwa sababu uhamisho una sababu zake za usalama na nafasi. Lakini barua iliyo kwenye faili ni afadhali kuliko lalamiko la mdomo, na nakala yake ipelekwe IEBC.

Mwandae pia kwa karatasi atakayoikuta. Gerezani Wakenya humpigia kura rais peke yake, na hushiriki kura ya maamuzi inapotokea. Hakuna gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wala wa wadi. Kura zao hazihesabiwi katika kaunti ya gereza, bali hujumlishwa chini ya msimbo wa pekee, 049, baada ya zile kaunti 47 na Wakenya walio ng'ambo. Mimi naona hilo ni upungufu na linapaswa kurekebishwa: bunge ndilo linalopitisha bajeti ya magereza na sheria za adhabu, na anayelala chini ya sheria hizo angepaswa kuwa na neno juu ya wanaozitunga. Lakini kwa 2027 mwambie mapema, asije akafika mbele ya sanduku akatarajia karatasi sita akapewa moja, akadhani ameibiwa tano.

Nao wafungwa hutawaliwa na hofu moja kuliko zote: kwamba askari atajua nimempigia nani. Mtulize kwa kumweleza utaratibu. Kituo cha gerezani ni kituo kama kingine, kinaendeshwa na makarani wa IEBC, na karatasi ya kura haiandikwi jina la mpiga kura. Askari wako pale kwa usalama, si kusimama nyuma ya bega. Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma ana haki ya kusaidiwa, na anaweza kumchagua mtu anayemwamini. Kura zikimalizika kupigwa huhesabiwa hapo hapo na matokeo kuandikwa kwenye Fomu 34A, na mawakala wa wagombea wana haki ya kuwepo. Mtu yeyote, awe askari, mfungwa kiongozi au mgeni, akimwahidi au kumtishia kitu kwa ajili ya kura, hilo ni kosa la jinai. Akumbuke jina na tarehe, akuambie wewe, nawe upeleke kwa IEBC au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Nawe pia, ukienda kumtembelea, usimwagize ampigie nani. Mpelekee habari. Mweleze wagombea wanasema nini juu ya mambo yanayomgusa: mahakama, ajira kwa wanaotoka, bei ya unga nyumbani kwake. Mtu aliyekatwa habari kwa miaka mitatu anahitaji hayo kuliko jina la kukariri.

Pengine ndugu yako hayuko gerezani bado, amekamatwa siku chache kabla ya uchaguzi na yuko seli ya polisi. Hapo pana shida tofauti, kwa maana seli ya polisi si kituo cha kupigia kura. Njia ya kuokoa kura yake ni kumtoa. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata, na siku ya uchaguzi huwa mapumziko. Aliyekamatwa Jumatatu jioni anaweza kumwona hakimu Jumatano, kura zimeshahesabiwa. Kwa hiyo ombeni dhamana ya polisi usiku ule ule. Kifungu hicho hicho kinasema mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Baadhi ya makosa madogo yanayojaza seli zetu, kama kelele za ulevi, ni ya aina hiyo. Kitaje kifungu hicho kwa jina lake mbele ya mkuu wa kituo, kwa sauti ya adabu.

Wasomaji walio Tanzania hawana upana huo, ila wana mlango. Sheria ya huko imekuwa ikimnyima kura aliyehukumiwa kifo au kifungo kinachozidi miezi sita. Desemba 2022 Mahakama Kuu, katika shauri la Tito Magoti na John Tulla, iliamua kwamba kizuizi hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilipoboreshwa kuanzia 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitenga vituo 130 katika magereza ya Bara na 10 katika Vyuo vya Mafunzo vya Zanzibar, ndiyo magereza ya huko, kwa ajili ya mahabusu na wenye kifungo cha chini ya miezi sita. Kama ndugu yako ni mahabusu, hata kesi yake iwe nzito kiasi gani, hajahukumiwa, na neno hilo ndilo la kushikilia unapozungumza na uongozi wa gereza. Uganda, Mahakama Kuu iliamua Juni 2020 kwamba wafungwa wana haki ya kupiga kura, lakini uchaguzi wa Januari 2021 ulifanyika bila wao. Hukumu ya mahakama bila mtu wa kuisukuma hubaki kwenye makabati.

Na msukumo huo si lazima uwe wa mawakili wakubwa. Shirika la Kituo cha Sheria limefundisha wafungwa kuwa wasaidizi wa kisheria ndani ya magereza kama Kamiti na Shimo la Tewa. Mwambie ndugu yako awatafute. Wao hujua nani ana kitambulisho na nani hana, na wanaweza kumpelekea afisa wa ustawi orodha ya watu hamsini badala ya ombi la mtu mmoja. Nje, familia mbili tatu mnaokutana kwenye benchi la wageni mnaweza kufanya vivyo hivyo: barua moja kwa IEBC, majina yenu wote chini yake.

Niongeze neno juu ya kwa nini nasumbuka hivi, maana kuna atakayesema mwizi akachague rais wa nini. Mwaka 1999, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba wafungwa lazima wasajiliwe na wapige kura. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Albie Sachs, ambaye serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahi kumfungia peke yake bila kumshtaki. Alieleza kwamba kura ya kila raia ni alama ya utu wake, kwamba naye anahesabika. Mahakama inapomfunga mtu, inamwondolea uhuru wa kwenda atakako. Haitamki kwamba amekoma kuwa Mkenya. Na mahabusu hajafikiwa hata na hukumu ya kifungo. Wako wanaokaa rumande miaka kisha kesi ikatupwa. Kura aliyokosa katikati hairudishwi na hakimu yeyote.

Iwapo ataachiliwa kabla ya uchaguzi, furaha ya kurudi nyumbani isiwafanye msahau kwamba jina lake bado liko gerezani. Akiwa ndani ya muda, aende ofisi ya IEBC ya eneo bunge lake na kitambulisho mkononi, aombe kuhamishwa kurudi kituo cha kwao, ambako atapewa karatasi zote sita. Muda ukiwa umepita, aende ofisi hiyo hiyo aeleze hali yake na aombe jibu la maandishi. Na akihukumiwa tena huko mbele, au akiwa amemaliza kifungo kirefu cha miaka ishirini, rekodi yake ya jinai, isipokuwa ya kosa la uchaguzi, haimzuii kusajiliwa wala kupiga kura. Kugombea kiti ndiko kuna masharti mengine, kwa aliye chini ya kifungo cha miezi sita au zaidi.

Siku ijayo ya kumtembelea, kabla hamjaanza habari za nyumbani, muulize maswali matatu: kitambulisho chako kiko wapi, gereza linakujua kwa jina gani, na uliwahi kujisajili wapi. Yaandike majibu, kisha upite ofisi ya afisa wa ustawi kabla hujaondoka.